Miaka Ishirini na Saba ya Kungoja Sayari Zizunguke

Mwezi uliopita nilirudisha funguo, na afisa utawala akanitaka nisaini karatasi kwamba sina mali yoyote ya ofisi nyumbani. Nilisaini. Kichwani bado nina mali nyingi ya ofisi, na nimeona niirudishe kabla sijaisahau.

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye kile chumba cha ghorofa ya pili. Baadhi yenu mmetoka Mwanza, wengine Goma, wengine Eldoret, na wa hapa Kigali nusu mmekulia Kampala. Kwenye chai ya saa nne lugha inayotukutanisha ni Kiswahili, kila mtu na chake. Changu ni cha Karagwe, nilikokulia na kusoma kabla wazazi wangu hawajarudi Rwanda, kwa hiyo nitaandika hicho.

Watu wakisikia nilifanya kazi ya nyota hunipa pole kwa kukesha. Sikukesha. Darubini yetu iko nchi nyingine, kusini kabisa mwa bara, juu ya mlima mkavu, na waliokesha ni wengine. Mimi nilikuwa mtu wa hesabu. Nilifika saa mbili asubuhi na kurudi nyumbani Niboye saa kumi na moja, nikapika na kulala kama karani yeyote. Jirani yangu mmoja aliamini kwa miaka mingi kwamba nafanya kazi idara ya maji, na sikuona sababu ya kumsahihisha.

Kabla ya hapo nilikuwa nafundisha hisabati shule ya sekondari. Nilisikia kwamba kuna profesa amerudi kutoka Ulaya na anatafuta mtu wa kumsaidia mahesabu. Aliitwa Anastazi. Alikuwa mrefu, mkimya, amevaa sweta ya kahawia, na baadaye nilikuja kugundua alikuwa nazo mbili zinazofanana. Sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa amesoma Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kimechanganyika na Kifaransa na Kinyarwanda.

“Keti,” aliniambia. “Kiswahili yako ni ya Tanzania, utanisamehe yangu. Uko na miaka ngapi?”

“Thelathini na mitatu, Mwalimu.”

Alitazama dari kidogo, akapiga hesabu.

“Bon. Sayari mimi natafuta ni kubwa kama Mshtarii, Jupiter, na iko mbali na nyota yake. Inazunguka kwa miaka kumi, kumi na mbili, hata ishirini. Ukibaki hapa mpaka pensheni, utaona moja inamaliza. Labda mbili.”

Nilidhani ananitania. Kisha akanisogezea karatasi yenye safu ya namba, penseli na karatasi yenye miraba, akasema nichore. Hakuniuliza vyeti. Nilichora nukta arobaini na kitu, nikamwonyesha. Aliziangalia muda mrefu, akaniuliza kwa nini nukta moja nimeiweka juu kuliko namba yake. Nikaangalia, na kweli nilikuwa nimekosea. Akasema, “Murakoze,” yaani asante, akaifuta na kuiweka mahali pake. Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Kwa wale mliojiunga juzi, nieleze tulichokuwa tunapima, kwa sababu siku hizi kompyuta inawafanyia kila kitu na naogopa mtasahau kuna nyota huko mwisho wa waya. Sayari hiyo hatuioni. Iko mbali mno, na nyota yake inang'aa mno. Lakini sayari ikiivuta nyota, nyota nayo hutikisika, mara inatukaribia, mara inatuacha. Mwanga wake ukiutawanya kuwa rangi, unakuta mistari myembamba ya giza, na mistari hiyo husogea kidogo sana upande huu au ule kufuatana na mwendo huo. Mshtarii inalisogeza jua letu kwa mwendo wa kama pikipiki ya abiria inayokata mitaa ya mjini. Jiambie basi kwamba unataka kujua mwendo wa pikipiki hiyo, nayo iko mbali kiasi kwamba mwanga wake ulianza safari kabla hujazaliwa. Na usipime mara moja. Pima mara chache kila mwaka, kwa miaka kumi na mitano, bila chombo chako kubadilika hata kidogo.

Chombo, bila shaka, kilibadilika.

Mwaka wangu wa pili nilipelekwa kukiona. Ilikuwa safari yangu ya kwanza kwa ndege, na nilifika na koti jepesi kwa sababu nilidhani kusini ni joto. Fundi wa pale, mzee mmoja aitwaye Petrus, alinipa koti lake la akiba. Mchana ule, darubini ikiwa imefunikwa, alinionyesha chumba cha chini ambako mwanga wa nyota huletwa kwa uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Chumba kilikuwa na milango mitatu, ili joto la mtu lisifike kwenye chombo. Nikamuuliza kama naweza kuingia. Akatikisa kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumia namba za chombo kile kila siku, na nilikitazama kupitia kidirisha kama mgeni wa hospitali.

Petrus alikuwa na daftari. Kila alichogusa alikiandika kwa kalamu: leo nimekaza skrubu fulani, leo nimesafisha kioo, leo umeme ulikatika dakika kumi. Kompyuta nayo ilikuwa inaweka kumbukumbu, na vijana wa pale walimcheka kidogo. Aliniambia kompyuta huandika kile ilichoambiwa.

Tulikuwa na nyota kadhaa kwenye orodha, na tuliziita kwa namba za mafaili. Nyota ya Nne ilikuwa ya Mwalimu. Alikuwa ameanza kuipima akiwa Ulaya, miaka mingi kabla sijaja. Mwaka wangu wa tano nukta zake zilifunga duara, yaani zilipanda, zikashuka, zikapanda tena, kwa miaka tisa. Tukaandika makala, mimi nikiwa jina la pili. Mwalimu akaalikwa kuzungumza huku na huku. Yeye alizaliwa Gitega ya hapa Kigali, kwenye nyumba zile zilizobanana chini ya mji, na shule moja ya msingi kule ikaunda klabu ya sayansi na kuchora sayari yake ukutani, kubwa, ya rangi ya machungwa, na jina la Mwalimu chini yake. Alienda siku ya kuizindua. Aliporudi alikuwa na rangi ya machungwa kwenye mkono wa sweta, na hakuifua kwa wiki nzima.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nishike kalamu.

Mwaka wa tisa nilianza kupima kitu kingine kwenye mwanga ule ule, mistari ya kalisi, yaani kalsiamu. Nyota kama jua letu ina madoa na sumaku, na sumaku hiyo huongezeka na kupungua kwa miaka mingi. Mistari ya kalisi hukuonyesha hali yake. Nilikuwa nafanya hivyo kwa nyota zote, kazi ya kujaza jedwali tu. Nilipofika faili la nne nikachora mistari ya kalisi juu ya karatasi moja, nikaweka karatasi ya mwendo wa nyota juu yake, nikazisimamisha dirishani zipigwe na jua. Zilipanda pamoja na kushuka pamoja, kwa miaka ile ile tisa.

Maana yake ilikuwa wazi. Sumaku ya nyota inaweza kuyumbisha mistari ya mwanga, ukadhani nyota yenyewe inasogea. Sayari ya Mwalimu huenda haikuwepo kabisa.

Nilikaa na karatasi zile wiki tatu. Nilizifungia kwenye droo. Nilirudia hesabu kwa njia nne, nikitumaini moja itaniokoa. Mume wangu aliniuliza kama kuna msiba kazini. Nilimweleza, akaniuliza, “Kwani yeye angekuwa wewe, angefanya nini?” Nilijua jibu, na ndilo lililonitesa zaidi.

Jumatatu ya wiki ya nne nilibisha mlango wake.

“Mwalimu, nina kitu kuhusu Nyota ya Nne.”

“Iko nini?”

Nikamwekea karatasi mbili mezani, moja juu ya nyingine. Alizipeleka dirishani kama nilivyofanya mimi. Alisimama huko mpaka nikaanza kuhesabu vyungu vya maua vya uani.

“Umejua hii tangu lini?”

“Wiki tatu.”

“Wiki tatu.” Alirudi kuketi. “Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?”

“Niliogopa kukuumiza.”

“Konsolata, kuniumiza si shida. Wiki tatu watu wamesoma ile makala na kuamini. Hiyo ndiyo shida.” Kisha akalainisha sauti. “Niachie. Na mimi nikague. Nitajaribu kukushinda.”

Alijaribu kweli. Siku kumi na moja alijifungia, akifanya hesabu zote upya kwa mkono wake, tangu nukta ya kwanza. Siku ya kumi na mbili alikuja kwenye meza yangu, mbele ya wenzetu wote, akasema, “Umenishinda. Sayari haipo.” Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuambia basi limeondoka.

Barua ya kuiondoa ile makala aliiandika mwenyewe. Nilimshauri aseme kwamba data mpya zimeleta mashaka. Alikataa. Aliandika kwamba ishara ile inatokana na nyota yenyewe, kwamba yeye alikuwa na uwezo wa kuikagua mistari ya kalisi mapema na hakuikagua, na kwamba kosa limegunduliwa na Konsolata. Jina langu aliliweka sentensi ya kwanza.

Kisha akaenda Gitega. Aliniomba nimsindikize, nadhani ili asipate nafasi ya kughairi njiani. Watoto walikusanyika mbele ya ule ukuta. Akawaambia sayari ile haipo, na kwamba alikosea. Msichana mmoja wa darasa la sita akauliza kama sasa wafute picha.

“Ninyi mnataka nini?” Mwalimu akauliza.

Wakajadiliana. Mwishowe wakaamua ibaki, ila lile jina lifutwe, kwa sababu haikuwa sayari yake tena. Mwalimu akasema ni haki. Tulipokuwa tunapanda kilima kurudi barabarani alisimama mara mbili kupumzika, na mara ya pili akasema, “Wale watoto wako sawa kabisa.” Nimefanya kazi na watu wenye akili kumzidi, wachache, lakini sijamwona mwingine aliyebeba kosa lake mwenyewe mpaka kwenye ukuta lilikochorwa.

Baada ya hapo ofisi yetu ilikuwa na kawaida moja ambayo haikuandikwa popote. Ukipata sayari, mwenzako anapewa muda wa kuiua. Akishindwa, ndipo mnaanza kuandika.

Nyota ya Kumi na Moja ilikuwa ya polepole kuliko zote. Kwa miaka yangu mitatu ya kwanza nyota hiyo ilishuka kwenye karatasi. Kisha ikaanza kupanda, na ikaendelea kupanda, mwaka baada ya mwaka. Kalisi yake ilikuwa imetulia, mstari ulionyooka. Kuna kitu kilikuwa kinaivuta, lakini ukiwa umeona mlima upande mmoja tu huwezi kusema una upana gani. Mwalimu alistaafu ikiwa bado inapanda. Macho yalianza kumsumbua. Siku ya kuaga hakutoa hotuba. Aliuliza kama kuna nukta mpya ya Kumi na Moja, nikamwambia ipo, akaomba aichore yeye.

Neema alikuja karibu na wakati huo, kutoka Mwanza, mwepesi wa kufikiri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Mwaka mmoja aliingia ofisini na kompyuta mkononi.

“Mama, Kumi na Moja imegeuka. Angalia nukta nne za mwisho, zinashuka. Mzunguko wake ni miaka kumi na saba. Tuandike kabla wengine hawajaandika.”

Tulikuwa na wasiwasi huo kweli, maana kundi jingine ng'ambo lilikuwa linaipima nyota ile ile. Nilikuwa nimeingoja miaka mingi, na nakiri kwamba jioni ile nilianza kuandika aya ya kwanza. Lakini nukta nne zilizoshuka kwa pamoja zilinisumbua. Tulijua uzi wa kioo wa chombo ulibadilishwa mwaka ule, na kwamba badiliko hilo lilisogeza vipimo vyote. Tulikuwa tumelirekebisha kwa kufuata tarehe ya kompyuta. Nikampigia simu Petrus, ambaye naye alikuwa amebakiza miezi michache astaafu.

“Ngoja,” akasema, nikasikia kurasa zikifunuliwa. “Kompyuta ina siku tuliyomaliza marekebisho. Uzi wa zamani niliutoa na kuweka mpya wiki tano kabla. Nimeandika hapa.”

Nukta zile nne zilikuwa ndani ya wiki tano hizo. Tulipozirekebisha zilipanda na kukaa sawasawa na wenzao. Nyota haikuwa imegeuka. Neema alifuta faili la makala, na kesho yake akaniomba anwani ya Petrus ili amwandikie barua ya shukrani. Nilijua hapo kwamba ofisi itakuwa salama nikiondoka.

Iligeuka kweli zaidi ya miaka miwili baadaye. Kisha ikashuka miaka kumi. Kundi lile la ng'ambo lilitangaza mzunguko mfupi, likaja likajisahihisha. Sisi tulikuwa tunachora nukta.

Mwaka wa ishirini na tano nukta zilifika pale nilipoziona zikigeuka nikiwa mwanamke kijana. Duara lilifunga, miaka ishirini na moja. Hata hivyo tulikuwa na neno moja linatukera, nalo ni “angalau”. Njia yetu huona nyota ikitukaribia au kutuacha. Ikisogea kando hatuioni. Kwa hiyo tungeweza tu kusema kitu kile kina uzito wa angalau mara mbili na nusu ya Mshtarii. Kama njia yake imelala vibaya machoni petu, kingeweza kuwa kizito mara hamsini, yaani si sayari tena, bali nyota iliyoshindwa kuwaka. Nilijua habari za watu waliotangaza sayari na kuja kukuta wamefuga kitu kingine kabisa.

Jibu lilitoka kwa vyombo vya angani vinavyopima mahali nyota zilipo. Kimoja cha zamani na kimoja cha siku hizi, miaka mingi kati yao. Ukilinganisha vipimo vyao unaona kama nyota imekwenda mbele kwa mstari ulionyooka au imevutwa kando. Vipimo vipya vilipotolewa, nilimpa Neema afanye hesabu peke yake, nami nikafanya zangu, tukakubaliana tusitazamane karatasi. Yeye alipata mara tatu ya Mshtarii na kidogo. Mimi nilipata mara tatu. Kisha akachukua wiki tatu kuiua. Alijaribu kalisi, alijaribu daftari zote za Petrus, alijaribu kudhani kuna nyota ya pili imejificha. Alishindwa, na alikuja kuniambia ameshindwa huku uso wake umechangamka.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kicukiro, nyumbani kwa Mwalimu. Sasa haoni isipokuwa mwanga wa dirisha. Mkewe, Mama Solange, alinikaribisha, akaniletea chai ya maziwa na kurudi jikoni. Mwalimu alikuwa sebuleni, amevaa sweta.

“Ni Konsolata,” akasema kabla sijafungua mdomo. “Unatembea kama mtu ana karatasi.”

Nikamwambia duara limefunga.

“Kalisi?”

“Imetulia, miaka yote.”

“Na ile angalau?”

“Imeondoka. Mara tatu ya Mshtarii. Njia yake imerefuka kidogo, si duara kamili. Huko iliko ni baridi kali.”

Akanywa chai kidogo, akarudisha kikombe kwa kukitafutia mahali pake mezani kwa vidole.

“Nani alijaribu kukushinda?”

“Neema. Wiki tatu.”

“Akashindwa?”

“Akashindwa, Mwalimu.”

Nikageuka kuangalia nje ili nimwachie nafasi. Kisha akaita jikoni, na mkewe akaja akijifuta mikono kwenye kitenge.

“Mwambie na yeye,” Mwalimu akasema. “Polepole. Tangu mwanzo.”

Nikamweleza Mama Solange kwa Kinyarwanda, kuhusu nyota na ile inayoivuta, mwaka wake ambao ni miaka yetu ishirini na moja, na watu waliongoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama mumewe, akanitazama mimi.

“Tangu tulipooana nikimuuliza kama ameipata, ananiambia bado, na ile moja aliyosema ameipata ikawa haipo,” akasema. “Kwa hiyo sasa imekwisha?”

Nilikuwa nakaribia kuitika. Mwalimu aliinua mkono.

“Usimwambie imekwisha,” akasema. “Mwambie iko.”